KIINUA MGONGO NI CHA NANI?



Twapenda leo kuliweka mbele yenu swali lililozuka katika darasa letu baada ya sala ya Magharibi, likatushughulisha siku tatu mfululizo hata kitabu tulichokuwa tukikisoma kikawekwa kando. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyefanya kazi umri wake wote, akafikia siku ya kustaafu na akakabidhiwa kiinua mgongo chake, je, fedha zile ni zake, au ni za watoto na ndugu na wote waliomsaidia hata akaipata kazi hiyo? Na akizizuia zimtunze uzeeni, je, huo ni ubahili na upungufu wa kumtegemea Mungu, au ni busara?

Si swali la kubuni. Katika nchi yetu hii ya Migori na Homa Bay hakuna mji usiokuwa na mzee aliyestaafu kwa shangwe, akachinjiwa mbuzi, akapigiwa makofi, na baada ya miaka miwili akaonekana akikopa sukari dukani. Na hakuna mji usiokuwa na mzee mwingine aliyekinga mali yake, akaitwa bahili na mtovu wa fadhila hata na wale aliowalea. Kati ya wawili hawa tumezoea kumhurumia wa kwanza na kumlaumu wa pili. Je, twahukumu kwa haki?

KISA CHENYEWE

Mwenzetu mmoja katika darasa, ambaye ametupa ruhusa tuyaandike mambo yake pasi na kumtaja jina, alisomesha katika shule za msingi za pande hizi kwa miaka 34. Alistaafu alipotimiza miaka 60, kama itakavyo sheria ya Kenya tangu mwaka 2009, ulipopandishwa umri wa kustaafu kwa watumishi wa serikali kutoka miaka 55. Naye yumo katika utaratibu wa zamani, ambao robo ya pensheni ya mtu hugeuzwa kuwa fedha za mkupuo, na sehemu iliyobaki akalipwa kidogo kidogo kila mwezi. Hiyo robo ndiyo iitwayo na watu kiinua mgongo. Yake ilikuwa shilingi 1,500,000.

Habari zilifika nyumbani kabla ya fedha kufika benki. Kila aliyekuja alikuja na salamu, na kila salamu ilikuwa na shida nyuma yake. Mwalimu akachukua karatasi ya daftari akayaandika maombi yote kwa utaratibu, kama alivyozoea kuandika majina ya wanafunzi. Gari la kubeba abiria kwa mtoto wa kaka yake, shilingi 900,000. Pikipiki ya bodaboda kwa mpwa wake, 180,000. Mabati ya nyumba ya kaka yake, 150,000. Karo ya chuo ya binti wa dada yake, 120,000. Harambee tatu, 60,000. Jumla ikawa shilingi 1,410,000. Akatoa hesabu, akaona kwamba baada ya kazi ya miaka 34 angebakiwa na shilingi 90,000.

Usiku ule hakulala. Asubuhi akaamua hivi. Karo akailipa yote. Mabati akayanunua yote. Harambee akazitolea nusu. Gari akalikataa, na pikipiki akaikataa. Hivyo alitoa shilingi 300,000, ambayo ni sehemu moja katika tano. Kwa zilizobaki akajenga vyumba vinne vya kupangisha katika kiwanja chake kidogo huko Rongo kwa shilingi 700,000, akanunua ng'ombe wa maziwa kwa 120,000, na shilingi 380,000 akaziweka kando kwa ajili ya maradhi, yake na ya mkewe.

Kaka yake alipopata habari kwamba gari limekataliwa, alikuja, akasimama mlangoni, akakataa kiti. Akasema maneno ambayo Mwalimu ametusomea kwa ulimi mzito: “Mwaka ule ulipokosa karo, nilimuuza ng'ombe wangu jike. Ng'ombe yule leo angekuwa zizi zima. Nawe umenilipa mabati.” Kisha akaondoka. Tangu siku ile hali chakula katika nyumba ya mdogo wake.

Hiki ndicho kisa. Mwalimu hakutuuliza kama ana haki kisheria, kwani hilo analijua. Alituuliza kama ana haki mbele ya Mungu.

JE, KUWEKA AKIBA NI KUPUNGUKIWA NA TAWAKKUL?

Kijana mmoja ndiye aliyefungua maneno, akasema: “Mwenye kumtegemea Mungu hahesabu ya kesho. Anayeweka shilingi 380,000 kwa ajili ya maradhi ambayo hayajamfika, amemwamini daktari kuliko Muumba.”

Maneno haya ni matamu masikioni, na wengi huyasema. Mpita njia wa Kendu Bay huuona msikiti wake wa siku nyingi uitwao Tawakal, na jina hilo lenyewe ni wito wa kumtegemea Mungu. Lakini hebu tufikiri. Msikiti una kuta na paa. Walioujenga hawakuweka nguzo wakaiachia tawakkul ishike mvua. Walitafuta fundi, wakalipa, wakaezeka, kisha ndipo wakaingia kusali. Na sote tumekisikia kisa cha bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kumfunga kwa kumtegemea Mungu, na Mtume (s.a.w.) akamwongoza amfunge kwanza kisha ategemee. Ama Nabii Yusuf (a.s.), yeye alitafsiri ndoto ya mfalme, akaamuru nafaka ya miaka saba ya neema iwekwe kwa ajili ya miaka saba ya dhiki. Lau kuweka akiba kungekuwa ni kumtilia Mungu shaka, Mtume wa Mungu asingekuwa mlinzi wa ghala.

Basi uzee ni nini kama si miaka ya dhiki ambayo ndoto yake imekwisha kutafsiriwa? Ukame huenda usije, na mafuriko huenda yasije, lakini mwenye kuishi sana lazima azeeke. Magoti yatauma, macho yatafifia, na mkono ulioshika jembe utashika mkongojo. Kuona jambo hili mbele yako na usilifanyie matayarisho si tawakkul. Ni kumwachia mtu mwingine mzigo wako, kisha ukaupa uzembe wako jina zuri. Na mtu huyo mwingine, mara nyingi, ni yule asiyeweza kukataa: mke aliyechoka kama wewe, au binti aliyerudi kwao na watoto watatu. Mzigo wa mzee asiyejiandaa hauanguki juu ya jamaa mwenye nguvu, maana mwenye nguvu yuko mbali.

Kijana yule akasema tena: “Lakini wazee wetu wa zamani hawakuwa na pensheni. Watoto wao ndio waliokuwa pensheni yao.” Hili ni kweli, na tuliheshimu. Ila zamani zile ardhi ilikuwa pana na watoto walikuwa karibu. Leo shamba la babu limegawanywa kwa wajukuu hata limekuwa vipande, na watoto wako Nairobi, Mombasa na hata nchi za Ghuba, kila mmoja akiwa na kodi yake na karo yake. Na juu ya hayo, nchi yetu ilipata msiba ambao wazee wa zamani hawakuujua. Homa Bay na Migori ni miongoni mwa kaunti zilizopigwa sana na ukimwi katika Kenya nzima. Watu wa makamo walizikwa, na bibi na babu waliotarajia kulelewa wakaanza kulea upya. Ni bibi wangapi, kutoka Karachuonyo mpaka Nyatike, waliofunga vitambaa vya uzee kiunoni wakarudi kuosha nguo za watoto wachanga wakiwa na miaka 65? Hao pensheni yao ilitangulia kaburini. Basi asitwambie mtu kwamba watoto wanatosha. Watoto ni neema, na neema huombewa. Haiandikwi katika hesabu ya mapato.

NG'OMBE WA KAKA

Sasa tuje kwenye neno zito, neno la kaka. Wako waliotaka kulipita upesi, wakasema: “Huyo kaka ana tamaa.” Sisi hatukubali. Kaka yule hakudanganya. Alimuuza ng'ombe kweli. Bila ng'ombe yule pasingekuwa na shule, na bila shule pasingekuwa na ualimu wala kiinua mgongo. Karibu kila mwenye mshahara katika pande hizi ameinuliwa na mgongo wa mtu mwingine: mjomba aliyekata miwa ya watu Awendo, shangazi aliyeuza omena, kaka aliyeacha shule ili mdogo wake asome. Anayesema, “Nilijitafutia mwenyewe,” amesema nusu ya ukweli.

Lakini tuutazame usemi wenyewe: “Ng'ombe yule leo angekuwa zizi zima.” Hapa kuna jambo linalohitaji kufikiriwa kwa makini. Kaka anamhesabu ng'ombe, kisha ndama wake, kisha ndama wa ndama, miaka arobaini na zaidi, na anataka jumla yake. Je, hii si namna ile ile ya hesabu tunayoikataa kwa mkopeshaji? Mkopeshaji hutoa kumi akadai kumi na mbili kwa sababu siku zimepita. Na huyu alitoa ng'ombe mmoja, naye anadai zizi kwa sababu miaka imepita. Wema ukitozwa riba haubaki wema, bali unageuka mkopo ambao aliyeupokea hakuambiwa masharti yake.

Ila tusifurahi upesi kwa kumshinda kaka katika hoja, kwani hoja hii ina upande wa pili, nao unatukata sisi. Deni la wema halina riba, naam, lakini pia halifi. Huwezi kulilipa siku moja kwa mabati, ukachukua risiti, ukasema, “Tumemalizana.” Mwalimu mwenyewe alikiri mbele yetu kwamba moyoni mwake, siku ile aliponunua mabati, alipumua kama mtu aliyekwisha kulipa deni. Na huenda kaka aliiona pumzi ile. Huenda kilichomuumiza si kukosa gari. Ni kuona kwamba anafutwa katika daftari.

Kwa hiyo twasema: kaka ana haki, lakini haki yake si ya mtaji, ni ya matunda. Aliyekupa mbegu ana haki ya kula nawe kila msimu, wala hana haki ya kuung'oa mti. Lau Mwalimu angenunua gari la 900,000, wangekula wote mwaka mmoja au miwili, kisha gari lingesimama kwa kukosa vipuri kama magari mengi yalivyosimama, na ndugu wawili wazee wangebaki wakitazamana mikono mitupu. Ama vyumba vya Rongo, kila mwezi vinatoa kidogo, na katika kidogo hicho kaka anaweza kupata dawa yake, kilo zake za sukari, na nauli yake ya kwenda hospitali, mpaka Mungu atakapomchukua mmoja wao. Anayelinda shina ndiye anayeweza kugawa matunda.

Na kipimo cha kutoa kimewekwa zamani. Saad bin Abi Waqqas (r.a.) alipougua alitaka kutoa theluthi mbili za mali yake, akakatazwa, akataka nusu, akakatazwa, akaruhusiwa theluthi, na akaambiwa kwamba hata theluthi ni nyingi, kwani kuwaacha warithi wakiwa na uwezo ni bora kuliko kuwaacha wakinyosha mikono kwa watu. Ikiwa mtu aliye katika maradhi aliyoyadhania kuwa ni ya kufa hakuruhusiwa kutoa yote katika njia ya kheri, itakuwaje mtu aliye hai, ambaye huenda ataishi miaka ishirini zaidi, atoe yote kwa ajili ya gari? Hata sheria za siku hizi zimeliona jambo hili. Watumishi wa serikali walioingia katika mfuko mpya ulioanza Januari 2021 hukatwa asilimia 7.5 ya mshahara, na serikali huongeza asilimia 15; na mtu akistaafu huruhusiwa kuchukua kwa mkupuo hadi theluthi, na zilizobaki hulipwa kidogo kidogo. Waliotunga sheria hiyo walijua kwamba fedha ya miaka thelathini ikiingia mkononi siku moja, haikai.

WASIOKUWA NA KIINUA MGONGO

Itakuwa ni dhuluma tukimzungumzia mwalimu tu. Katika darasa letu wenye pensheni ni watatu. Wengine ni wavuvi, wakulima, mafundi cherehani na wachuuzi. Mvuvi wa Mbita au Muhuru Bay huingia ziwani usiku, na asubuhi ana fedha taslimu, siku nyingine zaidi ya mwalimu. Lakini fedha ile haina kesho. Husema ziwa ndilo shamba lake, nalo halikauki. Ziwa kweli halikauki, lakini samaki wamepungua, na mkono wa kuvuta wavu hukauka. Mkulima wa miwa hungoja mwaka mmoja na nusu, pengine miwili, ndipo miwa yake ikatwe. Akilipwa hulipa madeni ya miaka miwili, akaanza mengine.

Hata waliokuwa na waajiri wengi wao waliwekewa kidogo mno. Mfuko wa taifa wa NSSF ulianzishwa mwaka 1965, lakini kwa miaka mingi mfanyakazi alikatwa shilingi 200 tu kwa mwezi na mwajiri akaongeza 200. Piga hesabu: shilingi 400 kwa mwezi kwa miaka 20 ni shilingi 96,000, mbali na faida itakayoongezwa. Ndizo za mtu kuzeekea? Sheria mpya iliyotungwa mwaka 2013 ilikwama mahakamani, ikaanza kutumika Februari 2023, na sasa makato huhesabiwa kwa asilimia 6 ya mshahara kwa kila upande, kwa viwango vilivyowekwa. Walio vijana wataona faida yake. Waliokwisha kustaafu hawataiona.

Kwa wasioajiriwa uliwekwa mpango uitwao Mbao, kwa jina la mitaani la shilingi ishirini, ili fundi na mchuuzi aweke hizo ishirini kila siku. Shilingi 20 ni ndogo kuliko bei ya soda. Lakini zikiwekwa kila siku kwa miaka 30 zinafika shilingi 219,000 kabla ya faida yoyote. Tatizo la wengi wetu si kwamba hatuna ishirini. Ni kwamba ishirini haituonekani kuwa fedha mpaka siku tutakapoikosa. Na mwenye kuogopa riba katika akiba yake, asifanye hofu hiyo kuwa sababu ya kutoweka kabisa. Ziko njia za halali: vyumba, mifugo, miti, ushirika wa kugawana faida na hasara, na tangu mwaka 2008 Kenya imekuwa na benki zinazofuata sharia. Aulize wenye elimu, lakini asikae.

Ama wale ambao hawakuweza kabisa, hao haki yao iko juu yetu sote. Imesimuliwa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alimkuta mzee wa Kiyahudi akiomba njiani, akaona si uadilifu kuchukua kodi yake alipokuwa kijana kisha kumtupa alipozeeka, akaamuru apewe fungu katika hazina ya umma. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, imetamka haki ya wazee kuishi kwa heshima na kupata matunzo kwa jamaa zao na kwa serikali. Na chini ya mpango wa Inua Jamii, waliofikisha miaka 70 wamewekewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hizi si nyingi, lakini tumeona bibi akitembea tofauti siku anayokuwa nazo. Basi vijana wa darasa letu wana kazi hapa: kuwaandikisha wazee wasiojua kusoma, kuwafuatilia hati zao, na kuwasindikiza kuzipokea fedha hizo ili zisipitie mkononi mwa mjanja.

Karibu na Kendu Bay lipo ziwa dogo la chumvi, Simbi Nyaima, ambalo hakuna mtoto wa huku asiyejua hadithi yake. Bibi kizee alifika usiku katika kijiji kilichokuwa katika ulevi na karamu, akaomba hifadhi, akafukuzwa. Mwanamke mmoja tu alimpokea. Bibi akamwambia atoke yeye na jamaa zake, na kijiji chote kikazama. Hadithi hii husimuliwa vijana wapate kuogopa kuwadharau wazee, na ni vyema. Lakini sisi tuliozeeka tuisikilize kwa sikio letu pia. Bibi yule alikuja usiku, mikono mitupu, na kupokewa kwake kulitegemea moyo wa mwenye nyumba. Ni mzee yupi apendaye kuwa mgeni wa usiku katika kijiji cha wanawe? Ukiweza kuuepuka mlango huo, uepuke, ili mlango ubaki wazi kwa yule ambaye hakuweza.

KUSTAAFU SI KUKAA

Limebaki jambo moja, nalo kwetu ndilo linalokamilisha hukumu. Kuna mstaafu aliyelinda fedha zake vizuri, akajenga nyumba yenye veranda, akaweka kiti, na tangu siku hiyo hakuonekana ila kitini. Hadaiwi na mtu, wala hafai kitu kwa mtu. Huyu naye hatumsifu. Kwani tumesema ana haki ya kuizuia mali yake ili asiwe mzigo. Lakini kutokuwa mzigo ni mwanzo wa wajibu, si mwisho wake. Jiwe la njiani nalo si mzigo kwa mtu.

Kwa miaka 34 Mwalimu huyu aliuza saa zake ili apate mshahara. Sasa saa zake zimerudi kwake, nazo ni mali kubwa kuliko vyumba vya Rongo. Mwenye pensheni ndogo inayomtosha ndiye mtu pekee kijijini anayeweza kufanya kazi bila kuuliza atalipwa nini. Mwenye njaa hawezi. Kijana anayetafuta maisha hawezi. Basi usalama wa mali una maana hiyo: unaununua uhuru wa mtu ili naye autoe bure.

Na kazi zipo. Kuna watoto wasiojua kugawanya kwa tarakimu mbili. Kuna ndugu wanaogombania mpaka wa shamba, wanaohitaji mzee asiyehongeka. Kuna vyama vya akiba na mikopo vinavyofilisika kwa kukosa mtu wa kuandika hesabu kwa uaminifu. Kuna miti ya kupanda, ambayo mpandaji hatakaa kivulini mwake. Hata mwili wenyewe hudai: mzee anayeamka kwa ajili ya ng'ombe wake na wanafunzi wake, miguu yake humkumbuka.

Hivyo ndivyo tulivyomjibu Mwalimu usiku wa tatu, nasi twayaweka hapa kwa faida ya wengine:

1. Mali ya uzeeni ilindwe shina, igawanywe matunda. Usitoe mtaji kwa sababu ya haya.

2. Kabla ya kiinua mgongo kufika, kaa na mke wako mwandike pamoja. Uzee ni wa wawili, na mara nyingi anayebaki nyuma ni yeye.

3. Waliokusomesha wawe wa kwanza katika matunda, na haki yao iendelee maisha yao yote. Usiwalipe ili uwe huru nao.

4. Usijenge nyumba kubwa kwa ajili ya macho ya watu. Nyumba isiyolipa hula pamoja nawe.

5. Ukikataa fedha, usikatae nafsi yako. Nenda, kaa, sikiliza, saidia kwa mkono.

Nasiha hii ya tano ndiyo iliyomgusa Mwalimu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Nilimkataa gari kwa barua.” Hakuna aliyemjibu.

Ijumaa iliyofuata alikwenda kwa kaka yake baada ya sala, akachukua maziwa ya ng'ombe wake katika kibuyu. Kaka hakuyapokea. Ijumaa ya pili alikwenda tena, na kaka akampa kiti lakini hakusema neno. Ijumaa ya tatu aliwakuta wajukuu wa kaka wakiandika hesabu mavumbini chini ya mwembe, akainama akawaonyesha walipokosea. Akakaa nao mpaka Alasiri. Ametuambia kwamba alipoinuka, kibuyu cha maziwa hakikuwapo mahali alipokiweka, na kwamba ndani ya nyumba alisikia vikombe.

Hatusemi wamepatana. Twasema tu kwamba kiinua mgongo ni cha mwenyewe, na mgongo wenyewe, maadamu bado unainama, ni wa wote.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Atujaalie uzee wenye manufaa, asitufanye mzigo kwa wadogo wetu, wala asitunyime wa kutupokea siku tutakapobisha hodi. Amin.